Kuchota mtindo wako kwenye filamu za mitindo, kutoka skrini hadi kwa fundi

Kuna sehemu kwenye filamu ya Funny Face ya mwaka 1957 ambapo Audrey Hepburn anashuka ngazi za jumba la makumbusho la Louvre, Paris, akiwa na gauni jekundu, na mtandio mwekundu ameunyanyua kwa mikono miwili, unapepea nyuma yake. Nilipoiona nilisimamisha filamu, nikaipiga picha ya skrini, na kesho yake nilikuwa Kariakoo. Nikanunua satini nyekundu, ile nzito inayong'aa, kwa sababu ndiyo iliyofanana rangi na ile ya kwenye simu.

Fundi aliipapasa, akaikunja, akaiachia. "Mwanangu, hiki kitambaa hakimwagiki. Kinasimama."

"Shona tu, fundi."

Siku ya harusi ya binamu yangu mtandio ulinikaa mabegani kama turubai, na shangazi mmoja akaniuliza kama nimo kwenye kamati ya mapambo.

Nilikuwa nimechukua rangi, kumbe kilichonivutia ni mwendo wa kitambaa. Tangu siku hiyo nina utaratibu, na ndio huu hapa. Unafaa zaidi kwa filamu zinazohusu mitindo yenyewe, zile ambazo ndani yake kuna fundi, mwanamitindo, jarida au jumba la mavazi, maana humo nguo inasimamiwa kwa makusudi kuliko kwenye filamu nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Chagua filamu moja, uitazame mara mbili

Mara ya kwanza tazama hadithi. Mara ya pili zima sauti. Ukiondoa maneno, jicho linabaki na nguo, na utashangaa vitu vilivyokupita. Shika kalamu na uandike dakika ya kila vazi lililokufanya uinue kichwa. Usiandike yote mazuri, maana yote ni mazuri. Watu walilipwa wayafanye mazuri.

Kama hujui pa kuanzia, jiulize maisha yako ya kila siku yanataka nini. Wa ofisini aanze na The Devil Wears Prada ya mwaka 2006, iliyovishwa na Patricia Field. Anayependa kukata na kuunganisha aende kwenye Cruella ya mwaka 2021. Anayependa rangi zilizokolea juu ya ngozi nyeusi atafute Mahogany ya mwaka 1975: Diana Ross anacheza sekretari wa Chicago anayefika Roma na kuwa mtu wa mitindo, na mavazi ya filamu ile aliyabuni yeye mwenyewe. Hakuwa anabahatisha, kwani alisomea ubunifu wa mavazi tangu sekondari kule Detroit. Kwa wanaume ninayo Phantom Thread ya mwaka 2017, nayo nitairudia.

Filamu moja tu kwa wakati mmoja, lakini. Ukichanganya tatu utatoka nyumbani umevaa kama watu watatu.

Hatua ya 2: Uliza nguo ile ilikuwa na kazi gani

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Vazi la filamu halikutengenezwa livaliwe kutwa nzima. Limetengenezwa kwa ajili ya mhusika fulani, chini ya taa fulani, kwa dakika chache, na pembeni yuko mtu mwenye pini anayelirekebisha kila kamera inapozimwa.

Chukua kisa cha soksi. Katika Funny Face hiyo hiyo Hepburn anacheza dansi kwenye klabu yenye giza. Amevaa nyeusi tupu: sweta lenye shingo ndefu, suruali nyembamba inayoishia juu ya kifundo, viatu vya chini. Mwongozaji, Stanley Donen, akataka avae na soksi nyeupe. Hepburn hakupenda, kwa sababu aliona zinaukata mguu na kuharibu ule mstari mweusi mmoja kutoka shingoni hadi chini. Donen akashikilia: bila nyeupe, miguu ingemezwa na giza na dansi isingeonekana. Soksi zikavaliwa. Baadaye Hepburn alipoiona filamu alimwandikia Donen kukiri kwamba alikuwa sahihi.

Hapo nilijifunza kitu ambacho hakikutoka kwenye jarida lolote: jicho linakwenda penye mwanga. Zile soksi ni taa. Ukivaa nyeusi tupu, ile sehemu moja nyeupe ndiyo watu watakayoitazama. Kwa hiyo iweke unapotaka watazame, na usiiweke usipotaka. Mwenye buibui anaweza kuitumia kanuni hiyo leo leo, kwa utepe mwembamba wa fedha kwenye ncha za mikono au kwa kiatu cheupe, bila kushona kitu kingine chochote.

Sasa mtazame Miranda Priestly, bosi wa jarida anayechezwa na Meryl Streep kwenye The Devil Wears Prada. Nywele nyeupe, koti zito, vito vikubwa. Anavitupa koti na mkoba juu ya meza ya msaidizi asubuhi baada ya asubuhi, na kila mara ni koti jingine. Kazi ya nguo hizo ni kutisha. Ukivaa vile kwenye ofisi ya watu sita ambayo wewe ndiwe mdogo, utachekwa. Lakini chini ya makoti kuna nguo za mistari iliyotulia, zisizopiga kelele, na hizo ndizo za kuiba.

Na katika Cruella, Emma Stone peke yake ana mavazi 47. Arobaini na saba, kwa filamu ya saa mbili na kidogo! Moja lina mkia mrefu unaoburutwa na lori la taka. Huo ni mchezo wa kuigiza, uufurahie na uuache pale pale.

Hatua ya 3: Andika sentensi moja

Kwa kila vazi uliloweka alama, andika kilichokuvutia kwa sentensi moja isiyotaja jina la nguo. Usiandike "gauni jekundu la Hepburn." Andika "kitambaa chepesi kinachobaki nyuma mtu anapotembea." Usiandike "koti la Andy." Andika "kola na ncha za mikono vina madoa ya chui, kwingine kote rangi moja." Hiyo ya pili ni koti la kijani ambalo Anne Hathaway, anayecheza Andy, msaidizi wa Miranda kwenye The Devil Wears Prada, amelivaa kwenye ile sehemu maarufu anapokatiza mitaa ya New York na kila akipita nyuma ya kitu anatokea na vazi jingine. Ukiisoma sentensi bila picha, unaona haihitaji koti wala baridi. Blauzi ya pamba yenye kola ya chui inatosha, hata Tanga mwezi wa pili.

Sentensi ikikushinda kuandika, maana yake hujajua ulichokipenda. Pengine ni sura ya mwigizaji. Pengine ni Paris. Rudi ukatazame tena.

Mimi nimezoea kuangalia mambo manne: mkato (nguo inabana wapi na inaachia wapi), rangi ngapi zimekaa pamoja, kitambaa kinavyoanguka, na kitu kimoja cha ajabu. Hicho cha mwisho wanaume wakitilie maanani. Phantom Thread inaanza na Daniel Day-Lewis, akicheza mshonaji mkuu wa London ya miaka ya 1950, akijiandaa asubuhi. Suti zake ni za Savile Row, mtaa wa mafundi suti wa London, za heshima zote, lakini soksi anazozivuta hadi karibu na goti ni za zambarau iliyokolea. Basi. Suti ya kijivu, shati safi, na rangi moja inayoonekana akikaa tu. Mwanaume wa Nairobi au Dodoma anayelalamika kwamba ofisi yake hairuhusu mtindo aanzie hapo, gharama yake ni jozi ya soksi.

Hatua ya 4: Kabatini kwanza, kisha mitumbani

Toa nguo zote uziweke kitandani, halafu soma sentensi yako kwa sauti. Mara nyingi nusu ya unachotafuta unacho tayari, kimefichwa na hanga ya nguo nyingine. Kilichobaki ndicho cha kwenda nacho sokoni.

Kwenye The Devil Wears Prada kuna hotuba ambayo watu wa mitindo wanaijua kama wimbo wa taifa. Andy anacheka mbele ya mikanda miwili anayoiona sawasawa, na Miranda anamweleza kwa upole wa kutisha jinsi rangi ya buluu ya sweta lake ilivyoshuka kutoka kwa wabunifu wakubwa, ikapita kwenye maduka makubwa, ikaishia kwenye kapu la bei ya kutupa ambako yeye aliiokota. Hotuba inaishia kapuni. Sisi tunajua safari inavyoendelea: kutoka kapuni hadi kwenye belo, melini, bandarini, Mchikichini pale Karume, Kongowea, Gikomba. Sweta lile lile liko mahali fulani kwenye fungu, na mwenye jicho atalipata.

Tena Cruella, ukiitazama vizuri, ni hadithi ya mitumba. Gauni jekundu analolifichua pale joho jeupe linapoungua ni gauni la zamani la adui yake, alilolipata kwenye duka la nguo zilizokwishavaliwa, akalivunja na kulijenga upya. Jenny Beavan, aliyepata Oscar mwaka 2022 kwa mavazi ya filamu hiyo, aliyajenga juu ya London ya miaka ya 1970, wakati wa vijana wa panki waliokuwa wakipasua, kubandika pini na kushona upya. Mtu wa Manzese hahitaji kufundishwa hilo.

Pale sokoni uwe na nidhamu. Nenda asubuhi belo linapofunguliwa. Gikomba zile nguo za kwanza kuchaguliwa wanaziita "kamera," na kweli ndizo za kupigia picha. Kwa koti, shati au gauni, angalia mabega kabla ya kitu kingine chochote. Kiuno kinapunguzwa, mikono inakatwa, upindo unapandishwa, lakini bega lililopitiliza ni kazi ya kufumua nguo nzima, na fundi mwaminifu atakuambia ununue nyingine. Igeuze ndani nje utazame mishono na makwapa. Fungua na ufunge zipu mara tatu. Halafu isogeze kwenye mwanga wa jua, kwa sababu chini ya turubai la buluu kila kitu ni buluu.

Mwanga huo huo ndio unaotudanganya kwenye skrini. Rangi ya filamu imepikwa kwa taa na kwa kompyuta. Usimwambie muuza vitambaa "nataka rangi hii" huku unamwonyesha simu. Chagua kwa macho, toka na ncha ya kitambaa hadi mlangoni, iweke chini ya kidevu, na mwombe mwenzako akuangalie uso, si kitambaa. Uso uking'aa, lipa.

Hatua ya 5: Kwa fundi

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo pesa inapopotea.

Tuseme umependa umbo la miaka ya 1950, kiuno chembamba na sketi inayofunguka, lile la Mrs. Harris Goes to Paris ya mwaka 2022, ambamo mfanya usafi wa London anadunduliza pesa hadi anakwenda Paris mwaka 1957 kununua gauni la jumba la mavazi la Dior. Umbo hilo Christian Dior alilionyesha kwa mara ya kwanza tarehe 12 Februari 1947, na halijazeeka. Kwetu fundi yeyote analijua: sketi ya solo na kifua cha kubana. Lakini ukimwambia "solo" bila hesabu, atakushonea anachopenda yeye.

Hesabu yenyewe ni hii. Pima kiuno, tuseme inchi 30. Gawanya kwa 6.28. Unapata karibu inchi 4.8, ambao ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa kiuno. Ongeza urefu wa sketi unaoutaka, tuseme inchi 26, na inchi moja ya upindo. Jumla karibu 32. Kitenge kina upana wa kama inchi 45, kwa hiyo duara zima halitoshei kwenye upana. Fundi atakata nusu duara mbili, kila moja ikila inchi 64 za urefu. Zote mbili ni yadi 3 na nusu na ushei. Chukulia 4. Pisi ya kitenge ni yadi 6, kwa hiyo zinabaki 2 za kifua na mikono. Fundi akikuambia pisi haitoshi kwa mwili wa kiuno hicho, mwombe akuonyeshe kwa futi.

Kabla ya kukata, ifue pamba na uipige pasi. Inarudi, na bora irudi ikiwa bado kitambaa. Kisha angalia michoro. Ndege wanaotazama juu kwenye kitenge kilichonyooka, kwenye solo watalala ubavu, na wengine watakuwa miguu juu nyuma ya makalio. Nimeyaona hayo kanisani, nikashindwa kufuatilia mahubiri. Chagua michoro isiyo na juu wala chini. Na khanga usiikate duara kabisa: jina lake litakatika katikati, na nusu ya jina la khanga inaweza kutukana kuliko jina zima.

Jingine ambalo picha haikuonyeshi ni kilichomo ndani. Gauni la Dior linasimama kwa sababu ya tabaka zilizo chini yake. Kwako gagulo moja lenye marinda mawili matatu ya kitambaa kikavu linatosha. Bila hilo solo ya pamba itajikunja miguuni ukitembea.

Nenda kwa fundi na vitu vitatu: picha mbili za vazi (mbele, na nyuma au ubavuni, ukikosa ya nyuma, mchoro wako wa kalamu, hata kama ni mbaya), ile sentensi yako, na kiatu utakachovaa, kwa sababu urefu unapimwa kiatu kikiwa mguuni. Wakati wa kupimwa simama kawaida. Usivute tumbo, utakuja kulirudisha ukikaa kula. Pima pia ukiwa umeketi.

Halafu sema unachobadilisha. Kifua cha wazi unaweza kukiziba, mikono unaweza kuiongeza, mpasuo unaweza kuushusha. Umbo linabaki lile lile, kwa sababu umbo liko kiunoni na kwenye pindo. Ila uyaseme hayo kabla ya mkasi. Na muulize fundi kitambaa chako kinamwagika au kinasimama, kisha, tafadhali, msikilize. Njia ya kujipimia mwenyewe dukani ni kushika ncha moja na kuachia kitambaa chote kining'inie mkononi. Shifoni na krepu nyepesi vitateremka kama maji. Satini nzito itatengeneza pembe. Ningefanya hivyo kwa sekunde kumi tu, nisingeulizwa habari za kamati ya mapambo.

Solo ikishashonwa, mwambie asipige upindo siku hiyo. Itundikwe usiku mmoja au miwili, kwa sababu sehemu za kitambaa zilizokatwa kimshazari huvutika na kushuka. Ikishashuka, ndipo ipimwe kutoka sakafuni na kusawazishwa. Mafundi wengi wanaruka hatua hii kwa haraka zetu sisi wateja, na ndiyo maana solo nyingi mtaani zina mkia upande mmoja.

Hatua ya 6: Ijaribu kabla haijakuaibisha

Vaa nyumbani saa nzima. Kaa, inama uokote kitu, nyanyua mkono kama unashika bomba la daladala, panda ngazi. Mwigizaji huwa anapanda gari moja, tena mara mbili kwa ajili ya kamera. Wewe utapanda la Mbagala saa kumi na mbili jioni.

Kisha ondoa kitu kimoja. Kama umechukua kola ya chui, acha mkoba wa chui. Kama umevaa soksi nyeupe za Hepburn, usiongeze miwani mikubwa na kilemba cheupe. Mtu akikuona aseme umependeza. Akisema "leo umevaa kama yule wa kwenye muvi," vua kitu kingine. Kuna wanaopenda kusikia hivyo, najua, na siwazuii. Nguo ni zao.

Mwisho, tabia moja niliyoichukua kwa yule mshonaji wa Phantom Thread, ambaye anashonea maandishi ya siri ndani ya nguo za wateja wake. Mimi huandika kwa wino usiotoka, kwenye kipande cha utepe, tarehe, vipimo vyangu vya siku hiyo na jina la filamu iliyonipa wazo, kisha fundi anakishonea ndani ya bitana. Yule mzee wa satini alipohama kibanda nilimpelekea fundi mwingine gauni langu moja la solo alipunguze kiuno. Kijana akafumua bitana, akakisoma kile kipande, akanitazama kiunoni, akakisoma tena.

"Dada," akasema, "hapa hatupunguzi. Tunaongeza."